Kisima cha Tabaka la Maziwa

Ukimwona mtu huku Terrat analamba udongo, usimcheke. Yawezekana ni Mzee Lesian yuko kazini.

Mzee Lesian ni mchimba visima. Hana mashine. Ana sururu, chepe fupi na mgongo wake mwenyewe, na ameifanya kazi hiyo miaka thelathini na nne. Akikuta udongo asioufahamu anachukua kipande, anakipuliza, anakigusa kwa ncha ya ulimi na kufumba macho. Kisha atakuambia kama mchanga uko karibu, kama mwamba unakungoja, au kama ni heri ukusanye vyombo urudi kwenu. Wapo wenye mitambo waliochimba pale alipopakataa yeye, wakatoa vumbi. Hayo tunayajua wote, na yeye hachoki kutukumbusha.

Sasa, ardhi yetu hii ina mistari. Shuka korongoni masika yakishapita, utaiona ukutani: mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, mpaka chini. Mzee Lesian aliishia darasa la nne, lakini mistari ile aliisoma kwa namna yake. Sisi Waarusha tunahesabu watu kwa rika. Rika moja lina mikono miwili: wa kuume wanatahiriwa kwanza, wa kushoto wanafuata, mwishowe wanaungana chini ya jina moja. Basi yeye akasema mstari mweupe na mstari mweusi ni mikono miwili ya rika moja. Jozi ya juu akaiita Makaa, kwa sababu ndilo rika lake. Iliyo chini yake, Seuri. Ya tatu, Nyangusi. "Hata ardhi inatahiri," alikuwa akisema, na wazee wenzake wakiitikia kwa kuridhika.

Mweupe ndio aliokuwa akiutafuta. Kwetu nyeupe ni baraka. Tunabariki kwa maziwa, tunampaka chokaa mtu aliyebarikiwa. Ukipiga sururu kwenye udongo mweupe na maji yakatoka hapo hapo, unataka ishara gani tena? Akaliita tabaka la maziwa, na kila kisima chake kiliishia humo. Maji yake yalikuwa laini, sabuni inatoa povu ukiigusa tu. Meno yetu ya kahawia, ndiyo, tunayo, na habari za floraidi majini tumezisikia. Lakini tuliambiana kwamba hiyo ni ya mito inayoshuka Meru, ni shida ya watu wa Kikwe huko. Sisi tunakunywa maziwa ya ardhi.

Kisima cha kwanza kabisa alikichimba kwenye boma lake mwenyewe, mwaka mmoja kabla hajazaliwa binti yake Nalepo.

Nalepo ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Ni mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali. Ana matege. Magoti yake yametengana kiasi kwamba akisimama wima mtoto wake anapita katikati, na baridi ikiingia Julai mifupa inamuuma mpaka anakanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Alipokuwa mdogo walisema alisimamishwa mapema mno. Wengine wakasema bibi yake alimbeba vibaya mgongoni. Akakua na maelezo hayo, akaolewa nayo, akamzaa Joyce, ambaye Julai ya mwaka jana alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane na ameanza kukimbiza kuku.

Ndipo babu yake aliposema: mjukuu wangu hatakunywa maji ya kununua kwa madumu. Akaja na sururu yake, akachagua mahali uani kwa Nalepo, akaanza.

Aliyeshika kamba juu alikuwa Gadiel, Mmeru wa Kikwe, mtu wake wa miaka mingi. Katika wiki ya tatu, asubuhi, sauti ikatoka chini mita kumi na saba: "Gadiel! Nimekanyaga maziwa!" Kufikia saa nne maji yalikuwa yamemfika magotini, naye akavutwa juu. Nalepo akaacha sare mezani, akaweka sufuria kubwa motoni. Kuna desturi ambayo Mzee Lesian hajawahi kuiruka. Ndoo ya kwanza ikitulia, anachota kikombe, anatia tone la maziwa, anaonja yeye, kisha anampa mtoto mdogo kuliko wote wa nyumba hiyo. Hapo ndipo kisima kinakuwa kisima. Majirani tukaanza kuingia mmoja mmoja.

Gari likasimama nje ya uzio. Akashuka dada wa miaka thelathini na kitu, buti zimejaa vumbi, nyundo imening'inia kiunoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unauza nyundo?"

"Hapana, mzee. Naitwa Sabina. Nafundisha mambo ya miamba chuo kikuu. Niko korongoni pale wiki ya pili sasa, napima ile mistari. Lakini ukuta wa korongo umechakaa kwa jua na mvua. Nikaambiwa wewe una shimo bichi. Naomba nishuke nitazame."

"Dada," Gadiel akasema, "humo ni mita kumi na saba, na lifti imeharibika."

"Hata ngazi sioni."

"Kwenu ni wapi?" Mzee Lesian akauliza.

"Poli."

"Mmeru! Mwanangu, humo chini hamna ndizi."

"Mzee, aliyeshika kamba ya uhai wako kila siku ni Mmeru. Leo amshushe na ndugu yake."

Gadiel akacheka mpaka akaiachia kamba, bahati nzuri haikuwa na mtu. Wakamfunga Sabina, wakamshusha taratibu. Alikaa humo karibu saa nzima. Tulisikia nyundo ikigonga, kisha kimya, kisha akiongea peke yake kama mtu anayehesabu ng'ombe. Alipotolewa alikuwa mweupe kuanzia kwenye nywele, na anatabasamu.

"Mzee, hiyo mistari umewahi kuitazama?"

"Kabla hujazaliwa. Humo iko jozi tatu. Makaa, Seuri, Nyangusi." Akamweleza yote: mkono wa kuume, mkono wa kushoto, ardhi inavyotahiri.

Sabina hakucheka. Aligeuza karai, akalikalia. "Rika moja ni miaka mingapi, mzee?"

"Kumi na mitano. Ikizidi, inazidi kidogo."

"Jozi moja ya hiyo mistari ni miaka kama elfu ishirini na moja."

Mzee Lesian akacheka. Gadiel naye akacheka, kwa kuwa mzee amecheka. Kisha wakaona mgeni anawatazama tu.

"Elfu?"

"Elfu, mzee."

"Nani alikuwepo akahesabu?"

"Mlima." Sabina akanyoosha kidole kaskazini, Meru ilikokaa bila wingu siku hiyo. "Ulipokuwa ukilipuka ulitumwagia majivu, na majivu yale yanaweza kupimwa umri maabara. Kule korongoni kuna mstari mmoja wa majivu juu na mwingine chini sana. Kati yake, umri umeachana miaka laki moja na ushee. Nikahesabu jozi zilizo katikati. Ziko tano. Wewe gawanya."

Hakuna aliyegawanya. Mzee mmoja nyuma yangu alikohoa.

"Kwa nini iwe hivyo?" Mzee Lesian akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeambiwa ng'ombe wake wote si wake. "Nani anayeamrisha, sasa nyeusi, sasa nyeupe?"

Sabina akamwomba Gadiel aining'inize ndoo kwenye roda na kuizungusha. Ndoo ikazunguka upesi. Kisha akaisukuma kidogo kwa kidole.

"Ona. Inajizungusha yenyewe haraka, hizo ndizo siku zetu, mchana na usiku. Lakini tazama kitako chake. Kinachora duara jingine, polepole. Dunia nayo iko hivyo. Inajizungusha, na huku inayumba. Kuyumba kwake mpaka irudi ilipoanzia ni zaidi ya miaka elfu ishirini. Na njia yake ya kulizunguka jua si duara kamili. Kuna miezi tunakuwa karibu na jua, kuna miezi tunakuwa mbali kidogo. Huku kuyumba kunaihamisha miezi hiyo ya ukaribu. Ikiangukia msimu wetu wa mvua, joto linaongezeka, mawingu yanajaa, mvua inakuwa nyingi kizazi hata kizazi, na hapa tulipokaa panakuwa ziwa. Tope lake ndilo mstari mweusi. Ikihama, mvua zinapungua, ziwa linakauka. Kisha mzunguko unarudi tena. Umeshuka miaka elfu sitini kwa wiki tatu, mzee."

Mzee Lesian alikuwa ameketi ukingoni mwa shimo, miguu inaning'inia kama alivyozoea. Nilimwona anaivuta juu, mmoja baada ya mwingine, akaikunja chini yake.

"Na Nyangusi?" akauliza. "Babu zangu?"

Sabina akanyoosha mkono wake uliojaa chokaa. "Babu zako, na rika zote mnazozikumbuka kwa majina, ukiwapanga wote wanatosha kwenye upana wa kiganja hiki."

Hapo ndipo Nalepo alipotoka jikoni na kikombe chenye tone la maziwa, amemshika Joyce mkono. Hakuwa amesikia kitu. Gadiel alikuwa amekwisha kuchota, ndoo imetulia. Nalepo akajaza kikombe, akampa baba yake. Mzee Lesian akaonja kwa mazoea tu, macho yako kwingine, akakirudisha kwa Nalepo. Joyce akainua mikono yote miwili.

Sabina bado alikuwa anaongea, ameketi juu ya karai lake. "Huo mweupe ndio unaonisisimua mimi. Ni ziwa linapokufa."

Mzee Lesian akageuka. "Linapokufa?"

"Eeh. Maji yanapaa, chumvi inabaki. Magadi, na kila kitu ambacho mlima ulitia ndani ya maji, kinajikusanya hapo. Hata floraidi..." Akakiona kikombe. Akasimama haraka hivi kwamba karai lilipinduka. "Dada, samahani. Usimpe kwanza. Tafadhali."

Kuna matusi makubwa kuliko kumzuia mtoto asinywe baraka mbele ya babu yake, lakini si mengi. Tukaguna wote. Nalepo akamtazama mgeni, akamtazama baba yake, akakiinua kikombe juu, mbali na mikono ya mtoto. Joyce akaanza kulia.

Sabina akakimbilia garini, akarudi na kisanduku. Chupa ndogo, dawa matone machache, kimashine cha kutosha mfukoni. Tulisubiri labda dakika mbili, na kelele pekee zilikuwa za Joyce.

"Kumi na moja nukta mbili," Sabina akasema.

"Inayoruhusiwa?" Nalepo akauliza.

"Moja na nusu."

"Ikizidi inafanya nini?"

"Meno ndiyo yanayoonekana kwanza." Sabina aliongea akiitazama ile mashine. "Na mtoto akiinywa miaka yote anapokua, mifupa."

"Mifupa inakuwaje?"

Nalepo akakiweka kikombe chini. Akashika kanga yake kwa mikono miwili, akaipandisha mpaka juu ya magoti, mbele yetu wote, wanaume na wanawake, yeye ambaye kanisani hukaa benchi la ukutani ili asipite mbele za watu.

"Tazama tu, dada, usiogope. Inakuwa hivi?"

Sabina akatazama. "Ndiyo," akasema taratibu.

Sikumbuki nani aliyeanza kuondoka. Nakumbuka Mzee Lesian bado ameketi, midomo inasogea bila sauti, anahesabu. Na najua alichokuwa akikihesabu, maana kila mmoja wetu alikuwa anakihesabu vilevile. Lerionka, mwanawe wa kwanza, anayechunga mifugo ya mtu huko karibu na Momela, alikuwa kijana wa miaka kumi na miwili kisima cha boma kilipochimbwa. Amekua kwa maji ya mto. Amenyooka kama mkuki. Waliozaliwa baada ya kisima ni watatu, na hakuna hata mmoja ambaye mguu wake ungeweza kuuweka sambamba na rula.

Mzee alisimama, akavuka uzio bila kuchukua sururu yake.

Siku nne hakuonekana. Mkewe alisema anakwenda na mbuzi asubuhi, anarudi nao, na chakula hali vizuri. Siku ya tano Nalepo aliyakunja magoti yake juu ya bodaboda akamfuata. Haya yaliyofuata Nalepo mwenyewe ndiye aliyenisimulia, na Nalepo haongezi chumvi.

Alimkuta malishoni, juu ya jiwe.

"Baba, shimo liko wazi uani kwangu na mtoto anakimbia. Lifunike au ulimalize."

"Nimekuharibu miguu, mwanangu."

"Ndiyo."

Mzee alidhani atabishiwa. Akainua macho.

"Sikujua, Nalepo."

"Hilo nalijua. Ningejua vingine nisingepanda pikipiki kuja huku." Akaketi chini, maana magoti yalikuwa yanauma. "Sabina anasema chini ya mweusi unaofuata kuna changarawe. Ameiona korongoni. Mvua zilipoanza kurudi, mito iliingia kwa nguvu ikaleta mawe kwanza, ndipo tope likafuata. Maji ya humo huenda yakawa mazuri. Anasema haahidi."

"Siuamini tena ulimi wangu."

"Nani amekuomba ulimi? Ulimi anao Sabina ndani ya kisanduku. Sisi tunataka mgongo."

Mzee aliniambia baadaye kwamba hakuna mtu aliyewahi kumpiga fimbo ikamwingia kama neno hilo, na hapo hapo ndipo alipopata nguvu ya kuinuka.

Walirudi shimoni na pampu ya kuazima. Gadiel alinyonya maji ya juu, mzee akachimba, wakashusha ringi za zege na kushindilia udongo mweusi nyuma yake, pande zote, ili maziwa yale yasipate mwanya wa kupenya. Ndani ya mweusi sururu iliingia kama kwenye sabuni. Siku ya tatu alipandisha kwenye ndoo kitu kilichofungwa kwenye kofia yake. Konokono. Vigamba vidogo vya konokono wa majini, vingi, vimelala walivyofia. Tulivipitisha mkono kwa mkono, sisi watu wa Terrat, ambako asiye na kisima anabeba madumu kilomita mbili. Palikuwa ziwa. Dada yule hakutudanganya hata kidogo. Mama mmoja alirudisha cha kwake upesi kama kilichomchoma.

Changarawe walifika Jumatano. Maji yakaja kwa kishindo kidogo, baridi. Mzee Lesian akatoka shimoni na kusimama mbali na ndoo, mikono nyuma. Hakuonja. Sabina alipiga magoti akatia dawa yake, na nakuapia, hata siku ya harusi yangu sikusubiri neno la mtu namna ile.

"Sifuri nukta tisa."

Gadiel akapiga yowe la Kimeru ambalo mbuzi wote walilikimbia. Sabina akainua mkono: yapimwe tena baada ya masika, tena mwakani, na kisima kingine kisichimbwe kwa kudhani hiki kimetoa ruhusa. Nalepo alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akachota, akanywa yeye kwanza kikombe kizima, akampa mwanawe. Joyce alikunywa robo, robo tatu akamwagia kuku.

Mzee Lesian hakucheka. "Hiki kimoja," akasema.

Sabina alimwachia katoni ya chupa tupu na karatasi za kubandika majina. Kesho yake mzee alianza kuzunguka nyumba alizochimba. Aliniomba nimsindikize, kwa sababu mwandiko wake haumridhishi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Tabitha, mjane anayefuga ng'ombe wawili wa maziwa, upande wa chini. Alitukaribisha chai. Mzee hakuketi.

"Mama, mimi ndiye niliyechimba kisima chenu. Nimekuja kukuambia kwamba maji yake huenda si mazuri, na kwamba miguu ya binti yako Elieshi huenda imetokana nayo. Naomba nichukue chupa moja yakapimwe. Mpaka jibu lije, msinywe wala msipikie."

Alikuwa ameyakariri njiani, nilimsikia. Alisubiri matusi, na alikuwa amekaza mabega kuyapokea.

Tabitha alibaki ameshika birika. "Miguu ya Elieshi?"

"Ndiyo."

"Ni maji?"

"Huenda ni maji."

"Kwa hiyo hakurogwa?"

Hatukumwelewa. Akaliweka birika chini, akaketi kwenye mfuko wa pumba, akafunika mdomo kwa kiganja.

"Mama mkwe wangu," akasema kupitia vidole. "Nilisema ni yeye. Nilisema kanisani, mbele ya watu. Nilimwambia asikanyage hapa. Hata mwanawe, mume wangu, alipozikwa nilimweka nyuma ya umati. Miaka kumi na minne."

Akatoa simu chini ya kanga, akatafuta jina, kidole kikashindwa kubonyeza. Akamnyooshea Mzee Lesian.

"Piga wewe. Akiisikia sauti yangu atakata."

Mzee akaishika simu ile kama alivyowashika wale konokono. Ikaita mara tatu. Sauti ya kikongwe ikasema haloo, haloo, nani mwenzangu, naye akafungua kinywa, akatafuta pa kuanzia.